Muvi za HD zinagandaganda kwenye TV ya sebuleni, intaneti nimeongeza na bado hali ni ile ile

BabaNeema:

Wakuu heshima kwenu. Nina ishu inanisumbua na naona nimeshaanza kumwaga hela bila kujua naimwagia wapi. Nina laptopu ya zamani, Core i5 jenereshani ya tatu, nimeigeuza seva ya muvi, nimeiwekea Jellyfin (programu ya kurusha muvi zako kwenda kwenye TV) na eksteno, yaani diski ya nje, ya TB 2 imejaa muvi, mpira wa zamani na katuni za watoto. Laptopu inakaa chumbani juu ya kabati na inatumia waifai. Rauta iko sebuleni, TV nayo iko sebuleni, ni Android TV na nimeichomeka kwenye rauta kwa waya.

Sasa muvi ndogondogo zile za GB moja au mbili zinacheza freshi kabisa. Nikiweka kubwa, kuna moja ina GB 22 na ni 1080p tu wala sio 4K, inacheza dakika kadhaa halafu inaganda, kale kaduara kanazunguka, inaenda kidogo, inaganda tena, sauti nayo inakatikakatika. Mchana kuna afadhali, usiku kuanzia saa mbili ndio balaa.

Jamaa mmoja anayeuza vifaa vya mtandao akaniambia spidi ya intaneti ndio ndogo, nikapanda kifurushi kutoka Mbps 10 kwenda 30, hakuna kilichobadilika hata chembe. Wife ameshasema niachane na huo mtambo wangu turudi kwenye king'amuzi. Ninunue rauta nyingine au tatizo ni laptopu yenyewe?

Fundi Waya:

Mkuu kabla ya yote rudi kwenye kifurushi chako cha zamani, hiyo hela ya ziada inaenda bure. Angalia muvi inapita wapi: inatoka kwenye eksteno, inaingia laptopu, inaruka kwa waifai mpaka kwenye rauta, halafu waya mpaka kwenye TV. Intaneti haimo humo. Chomoa hata huo waya wa faiba unaoingia ndani, muvi itaendelea kucheza. Kuongeza intaneti kwa shida hii ni sawa na kupanua barabara ya Morogoro wakati foleni iko kwenye geti la nyumbani kwako.

Cha pili, jua faili lako linataka kiasi gani, usikisie. GB 22 zidisha kwa 8 unapata gigabiti 176, yaani megabiti 176,000. Kama muvi ni ya saa 2 na dakika 10 hizo ni sekunde 7,800, ukigawanya unapata kama megabiti 22.6 kwa sekunde. Na huo ni wastani, kwenye sini za mvua, moshi, majani yanayopepea, mashabiki uwanjani, inaweza kupanda hata mara mbili ya hapo. Ile ya GB 2 kwa urefu huo huo inataka megabiti 2 tu, ndio maana haikusumbui.

Sasa waifai. Laptopu ya umri huo nyingi zina waifai ya gigahezi 2.4 peke yake. Kwenye boksi la rauta wameandika megabiti 300 lakini hiyo ni namba ya kwenye boksi, laptopu yenye antena moja inaunga kwa 72 ikiwa kwenye chaneli ya kawaida, na unachopata kweli ni kama nusu ya hapo, tena ukiwa karibu. Weka ukuta wa tofali mbili, weka na majirani. Kwenye 2.4 chaneli ambazo haziingiliani ni tatu tu, 1, 6 na 11, kwa hiyo kama unakaa kwenye apatimenti zenye rauta ishirini wote mnagombania hizo tatu. Hiyo saa mbili usiku unayosema ndio muda kila mtu amerudi nyumbani.

Fanya hivi: weka iperf3, programu ya kupima spidi kati ya vifaa viwili vya nyumbani, kwenye laptopu, na kwenye TV shusha apu ya iperf zipo za Android. Kwenye TV unaianzisha kama seva, `iperf3 -s`, kwenye laptopu unaandika `iperf3 -c` na IP ya TV (anwani yake kwenye mtandao), mwishoni ongeza `-t 60` ipime dakika nzima. Ipime mchana na uipime usiku. Lete namba hapa. Na uniambie laptopu inaiona waifai ya gigahezi 5 au haiioni.

Kibopa Mstaafu:

Kwani laptopu lazima ikae juu ya kabati chumbani? Ishushe, iweke pembeni ya rauta, chomeka waya wa mita moja, kesi imefungwa. Watu mnapenda mateso.

BabaNeema:

Hahaha Kibopa, kwenye hii nyumba kuna sheria. Nilishawahi kuiweka pale kwenye stendi ya TV, dogo wa miaka mitatu akawa anabonyeza batani ya kuzimia kila siku na mama yake hataki kuona waya hata mmoja ukining'inia. Chumbani ndio ilipopewa hifadhi.

Fundi nimepima. Mchana inacheza kwenye 24 mpaka 31. Usiku imeanza 18, ikashuka 6, kuna sekunde imeandika 0 kabisa halafu ikarudi 15. 5 haiioni, simu yangu inaiona ila laptopu hapana.

Fundi Waya:

Umeona sasa. Muvi inataka 22 kwa wastani na wewe unaletewa 6. Hata ungenunua TV ya milioni tano ingeganda tu. Rauta yako haina kosa, usinunue nyingine.

CoreMbili:

Naongezea jambo ambalo wengi hawalijui. BabaNeema hiyo eksteno umeichomeka kwenye tundu la bluu? Kama ni USB 3 na eksteno imelala pale pale ubavuni mwa laptopu, hiyo nayo inakuua. USB 3 ikifanya kazi inatoa kelele za redio zinazoangukia kwenye eneo la gigahezi 2.4, Intel wenyewe waliandika waraka wa jambo hili mwaka 2012. Na eksteno inafanya kazi zaidi pale pale unapoangalia muvi, yaani unajipigia kelele mwenyewe sikioni wakati unataka kusikia.

Jaribio lake ni rahisi, ihamishie kwenye tundu la USB 2, lile jeusi. Usiogope spidi, USB 2 inakupa kama megabaiti 30 kwa sekunde ambazo ni megabiti 240, muvi yako haifiki hata robo. Au tumia waya mrefu kidogo eksteno ikae mbali na laptopu. Halafu pima tena.

Na watu wachanganye mambo mengine ila megabaiti na megabiti tafadhali tuache kuzichanganya, megabaiti moja ni megabiti nane, nusu ya ugomvi kwenye mijadala hii inatokana na hilo.

Bi Shangani:

Assalaam alaykum. Mie nipo Mji Mkongwe huku Unguja, nyumba zetu kuta za mawe na chokaa, dirishani ukipenyeza mkono unaishia kiwikoni hujafika upande wa pili. Waifai ya 5 haivuki ukuta hata mmoja, ya 2.4 inavuka ikiwa hoi. Kutoboa ukuta huwezi, si kwa sababu ya ugumu tu bali Mamlaka ya Mji Mkongwe nao wana masharti yao kwa majengo haya.

Nilitumia zile adapta zinazopitisha mtandao kwenye nyaya za umeme, moja unachomeka kwenye soketi karibu na rauta na nyengine chumba ulichopo. Kwangu zimefanya kazi lakini zina tabia zake. Usizichomeke kwenye ekstensheni wala kwenye kifaa cha kukinga umeme, ziingie ukutani moja kwa moja. Friji ikiwaka spidi inashuka. Na kama nyumba ina fezi tatu na soketi mbili hizo ziko fezi tofauti, pengine utapata kidogo sana au usipate kitu. Kwa mtu asiyeweza kupitisha waya ni ukombozi, ila kaka kama wewe unaweza kupitisha waya basi pitisha waya.

BabaNeema:

Shukrani Bi Shangani, kwangu ni tofali za kawaida na dari la jipsamu.

CoreMbili aisee hiyo ya USB sikuitegemea kabisa. Eksteno ilikuwa kwenye la bluu, tena imelala juu ya laptopu yenyewe. Nimeihamisha, mchana imepanda kutoka 31 imefika 44. Usiku bado inashukashuka, nimeona 17, nimeona 12, ila sifuri haijarudi. Muvi ya GB 22 imetembea karibu nusu saa bila kuganda halafu ikaanza tena mchezo wake.

Naona kilichobaki ni waya. Juu ya dari kuna nafasi ya mtu kutambaa. Kama mita 18 hivi. Ninunue waya gani?

Fundi Waya:

Cat5e inatosha, Cat6 ukiipata kwa bei nzuri chukua, kwa mita 18 hutaona tofauti. Cha muhimu ni shaba. Madukani kuna nyaya nyingi zimeandikwa Cat6 vizuri tu na ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Zinakatika ukikunja, na ukibana kichwa leo ukasogeza kabati wiki ijayo kiungo kimelegea. Namna ya kuijua: omba kipande, toa ganda, chukua uzi mmoja ukwangue kwa ncha ya kisu. Shaba halisi ukikwangua inabaki nyekundu mpaka ndani, ya uongo utaona weupe kama wa sufuria. Pia boksi la shaba ni zito, la aluminiamu unalibeba kwa vidole. Muuzaji akikataa usikwangue nenda duka la pili.

Usibane vichwa kwa kukisia. Pande zote mbili panga hivi kutoka kushoto klipu ikiwa chini: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Nyuzi zote nane. Kuna mafundi wanabana nne tu wanakwambia inatosha, na kweli inawaka, ila inabaki kwenye megabiti 100 milele, gigabiti inataka zote nane. Na usiulaze ubavu kwa ubavu na waya wa umeme mle darini, ikibidi kuuvuka uuvuke kama msalaba.

Ukishachomeka nenda kwenye setingi za mtandao za Windows, soma spidi ya kiungo. Ikiandika 1000/1000 uko sawa. Ikiandika 100/100 basi ama rauta yako poti zake ni za 100, zipo nyingi wanazotoa makampuni ya intaneti, ama kuna uzi haujashika.

Msee wa Thika:

Hapo kwa TV pia mcheki. TV nyingi za siku hizi, hata zile kubwa za 4K, hiyo poti ya LAN iko nyuma ni ya 100 tu. Najua inashangaza mtu akinunua TV ya bei, lakini ndivyo zimetengenezwa. Mimi yangu nilitoa waya nikaiweka kwa waifai ya 5 sababu iko chumba moja na rauta, na iko fasta kuliko waya. So hii story ya waya ni mfalme kila mahali si kweli.

Fundi Waya:

Msee uko sahihi ila inategemea unaangalia nini. Megabiti 100 kwa 1080p ni nyingi mno, diski ya Blu-ray ya kawaida video yake mwisho ni 40. Anayehitaji kuzidi 100 ni mwenye faili za 4K zilizotolewa kwenye diski bila kupunguzwa, zile Blu-ray za 4K zinaweza kufika 128, na hapo ndio utakuta inaganda kwenye sini moja tu ya vurugu halafu nyingine zote zinapita. Huyo ndio atoe waya wa TV aende 5 kama ulivyofanya. BabaNeema bado hajafika huko.

BabaNeema:

Wakuu waya umepita. Shemeji yangu alikuja tukapanda wote darini, vumbi tuliyokula Mungu anajua. Windows inaandika 100/100 kwa hiyo rauta ndio hizo za 100. iperf inasoma 94, mchana 94, usiku 94, haitikisiki.

Fundi Waya:

94 ndio mwisho wa poti ya 100, hizo sita zinaliwa na bahasha za mtandao wenyewe. Hapo umemaliza upande wa njia.

BabaNeema:

Ngoja msifunge kwanza. Ile ya GB 22 sasa inacheza mwanzo mwisho. Ila kuna muvi nyingine ina GB 9 tu, ndogo kuliko ile, yenyewe inaganda vibaya kuliko mwanzo! Inaenda sekunde tano inasimama. Halafu nikienda chumbani nakuta feni ya laptopu inanguruma kama jenereta na pembeni pana moto huwezi kuweka mkono. Nimeona nikizima sabtaito inatulia. Hii nayo ni mtandao?

CoreMbili:

Hapana, hapo umeshatoka kwenye mtandao umeingia kwenye prosesa. Feni ikinguruma jua laptopu haitumi faili, inalipika upya.

Iko hivi. TV ikiweza kusoma faili lilivyo, Jellyfin inalituma lilivyo na laptopu haifanyi kazi yoyote, hata kompyuta ya mwaka 2008 ingeweza. Ila kukiwa na kitu ambacho TV au ile apu haikiwezi, Jellyfin inalifungua faili na kulitengeneza upya papo hapo huku unaangalia. Sabtaito ndio mchokozi namba moja. Kuna za maandishi, SRT, hizo ni nyepesi. Na kuna zilizotoka kwenye diski ambazo ni picha, zinaitwa PGS, apu isipoweza kuzionyesha seva inabidi izichore juu ya kila fremu ya video, halafu iikandamize tena. Fremu 24 kila sekunde.

Na nina hakika hiyo ya GB 9 ni HEVC, ile H.265, namna mpya zaidi ya kukandamiza video. Ndio maana ni ndogo na ni nzuri. Prosesa yako ya jenereshani ya tatu ni ya mwaka 2012 na HEVC imetoka 2013, haina kabisa kifaa cha kuifungua, inatumia nguvu ya mwili. Intel walianza kuiweka kwenye jenereshani ya sita, na ile ya biti 10 vizuri kuanzia ya saba. Usihangaike na setingi za kuongeza kasi kwenye seva, kwa hiyo chuma hazikusaidii kwenye HEVC.

Hakikisha hivi: muvi ikiwa inacheza fungua deshibodi ya Jellyfin kwenye simu, utaona TV yako pale na chini yake imeandikwa kama inacheza moja kwa moja au inageuzwa, na ukibonyeza inakupa na sababu. Ikisema sabtaito, tafuta SRT ya muvi hiyo, ipe jina lile lile la faili la muvi, iweke kwenye folda moja, skani upya, halafu chagua hiyo badala ya ile ya ndani. Njia ya pili weka Kodi, apu ya kuchezea muvi, kwenye TV na uipe folda za laptopu moja kwa moja kupitia sheari ya Windows, Kodi inachora sabtaito za picha yenyewe kwenye TV, laptopu inabaki kuwa stoo tu. Mimi kwa laptopu kama yako ningeenda na Kodi.

Angalia pia kwenye apu ya TV kama kuna kikomo cha ubora umewekewa. Ikiwa imeandikwa megabiti 8 au 10 basi kila faili linalozidi hapo litageuzwa hata bila sabtaito. Ipandishe hadi mwisho, uko nyumbani kwako, unabania nini.

BabaNeema:

Imeandika sababu ni sabtaito kweli. Na ule ubora ulikuwa kwenye 20. Nimepandisha, nimeweka SRT, feni kimya. Kodi nitaiweka wikiendi.

Swali la mwisho halafu nawaacha. Kamera ikizunguka polepole, mfano inaonyesha milima au uwanja mzima, picha haitelezi, inarukaruka vihatua vidogo. Haigandi, hakuna kaduara, sauti iko sawa. Nilidhani ni macho yangu ila shemeji naye kaiona. Hata kwenye muvi ndogo.

Kibopa Mstaafu:

Ulikuwa huioni kwa sababu ilikuwa imeganda 😂

CoreMbili:

Kibopa bwana 😂

Hiyo haina uhusiano na mtandao, iko hata ukicheza kwenye flashi. Muvi nyingi zina fremu 24 kwa sekunde, kwa usahihi 23.976, na TV yako inachora mara 60 kwa sekunde. 60 haigawanyiki sawasawa kwa 24, kwa hiyo fremu moja inaonyeshwa mara mbili, inayofuata mara tatu, mbili, tatu, na kamera ikizunguka polepole jicho linaona huo mchechemeo. Nenda kwenye setingi za apu unayochezea, sehemu ya video, kuna ile ya kubadilisha rifreshi reti ifuate video, iwashe. Jellyfin ya Android TV inayo na Kodi inayo. Ukiiwasha, muvi ikianza skrini itakuwa nyeusi sekunde moja mbili hivi, hapo TV inahama kwenda 24, usishtuke ukadhani imezima. Mechi zetu nyingi zimerekodiwa kwa 25 au 50, nazo zitahamia 50 zenyewe.

Kama TV yako haikubali kuhama, kuna zingine hazikubali, basi hapo ni kuzoea. Na zima ile setingi ya kulainisha mwendo kwenye picha ya TV kabla hujajaribu, isije ikakuchanganya, ile inabuni fremu zake na kufanya muvi nzima ionekane kama tamthilia ya mchana.